Barabara ya kwenda stesheni ni ya nani? Mjadala kuhusu fedha za matengenezo ya barabara za wilaya na stesheni za reli

#1 Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na wiki chache baadaye kufika Dodoma, mijadala yetu imekuwa juu ya mwendo wa treni, nauli na upatikanaji wa tiketi. Sina ugomvi na hayo. Ninachotaka tukijadili ni kile kipande cha njia kinachoanzia mlango wa stesheni na kuishia kijijini au mtaani kwa abiria, kwa sababu kwa mtazamo wangu hapo ndipo mfumo wetu wa fedha za miundombinu unapoonesha udhaifu wake kuliko mahali pengine popote.

Tuanze na nani ana dhamana ya nini. Reli, majengo ya stesheni na ardhi ya hifadhi ya reli viko chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), ambalo kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017 lilirithi kazi za iliyokuwa TRL, kampuni iliyoendesha treni, pamoja na zile za RAHCO, kampuni iliyosimamia miundombinu ya reli. TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ina mamlaka yake, inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania na Zambia. Barabara kuu na za mikoa, zenye urefu wa kilomita 36,000 na ushee, ni za TANROADS. Barabara za wilaya, yaani za mjazio, za mlisho na za jamii, pamoja na mitaa ya mijini, ni za TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 baada ya jukumu hilo kuondolewa kwenye halmashauri. Standi, soko na maegesho ya bajaji vimebaki kwa halmashauri. Kwa hiyo abiria anayeshuka stesheni ndogo na mizigo yake anaweza, ndani ya mita mia tano tu, kupita katika maeneo ya taasisi tatu, na kila taasisi ina kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na vipaumbele vyake.

Nitatoa mfano wa stesheni moja ndogo ya reli ya kati ninayoifahamu, ambayo sitaitaja. Barabara ya kutoka kijijini imo kwenye orodha ya wilaya, na huchongwa kwa greda karibu kila mwaka. Inapofika ukingo wa hifadhi ya reli, greda linageuza. Kuanzia hapo hadi jukwaa la abiria kuna kipande kifupi, kama urefu wa viwanja viwili vya mpira, ambacho hakimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mtaro wa barabara unaishia papo hapo, bila kalavati wala mahali pa kumwaga maji, na mvua ikinyesha maji yote ya kijiji hufuata mteremko hadi kwenye tuta la reli. Wananchi wamepanga mataruma ya zamani na viroba vya mchanga ili akina mama wenye watoto wapate pa kukanyaga. Barua zimekwenda na kurudi kati ya ofisi mbili, na kila moja inaeleza kwa lugha ya staha kwa nini eneo hilo si lake.

Sidhani kama huo ni uzembe wa mtu. Fedha za barabara hufuata orodha. TARURA huingiza barabara zake kwenye mfumo wa kumbukumbu uitwao DROMAS, na barabara isiyokuwamo humo haina namna ya kuombewa fedha za matengenezo, hata kama inapitisha watu wengi kuliko zote wilayani. Mtandao wa TARURA ulipoanza ulihesabiwa kuwa kilomita 108,946. Sasa unatajwa kuwa kilomita 144,429. Kwa sehemu kubwa ongezeko hilo ni njia zilizokuwa zikitumika siku zote, zikatambuliwa rasmi. Utambuzi ni jambo jema, lakini unaongeza midomo ya kulisha kabla chakula hakijaongezwa.

Kuhusu chakula chenyewe, Mfuko wa Barabara hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na tozo ya mafuta. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matengenezo, na zisizozidi asilimia 10 ndizo ziende kwenye maendeleo. Mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ingawa barabara za wilaya ni takribani asilimia 80 ya urefu wote. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili iende TARURA, na katika mwaka huo wa fedha kila jimbo la uchaguzi lilitengewa shilingi milioni 500 kwa ajili ya barabara. Upande wa reli kuna tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Mifuko hiyo miwili haikutani popote. Mmoja hauwezi kulipia stesheni, mwingine hauwezi kulipia barabara, na abiria wetu amesimama katikati, kwenye tope.

Hoja yangu ni kwamba njia ya kuingia stesheni ihesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya reli na ya barabara kwa wakati mmoja, iwe na mmiliki anayetajwa kwa jina, na iwe na kasma ya matengenezo inayojirudia kila mwaka. Pili, nadhani kugawa fedha kwa kila jimbo kiasi sawa ni rahisi kisiasa lakini si sahihi kiufundi. Jimbo la mjini lenye kilomita chache na jimbo la Kilombero lenye mito, mashamba ya mpunga na mvua za miezi mingi hayawezi kuwa na mahitaji yanayolingana. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini kuhusu 70 kwa 30 naomba twende taratibu. Nimefanya usimamizi wa kazi za barabara za wilaya kwa muda mrefu, na si shabiki wa TANROADS. Hata hivyo kilomita moja ya lami inayopitisha malori ya shehena ya Zambia na Kongo haiwezi kulinganishwa na kilomita moja ya barabara ya jamii inayopita pikipiki na trekta. Lami ikiachwa ikapasuka, maji yakaingia chini, gharama ya kuirudisha ni kubwa mno. Ukichukua urefu peke yake kama kigezo, utahamisha fedha kutoka mahali zinapookoa mabilioni.

Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye aina ya kazi tunazonunua. Katika mipango yetu kuna matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, matengenezo ya sehemu korofi, na kazi za madaraja na makalavati. Kiongozi akitembelea wilaya anataka kuona greda, na wananchi nao wanataka kuona greda. Sasa greda likichonga barabara ya udongo bila kurudisha mgongo wa katikati na bila kufungua mifereji ya kutolea maji pembeni, linachofanya ni kukwangua udongo wa juu na kuishusha barabara. Baada ya miaka kadhaa barabara iko chini kuliko mashamba yanayoizunguka, na mvua ikija inageuka mto. Barabara nyingi tunazosema zimeharibiwa na mvua ziliharibiwa kwanza na matengenezo yasiyo na mifereji. Zaidi ya nusu ya mtandao wa TARURA ni udongo mtupu, bila hata changarawe, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Kalenda nayo inatuangusha. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Mpaka fedha zithibitishwe, zabuni itangazwe kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, tathmini ifanyike na mkataba usainiwe, tayari mvua za vuli zinanyesha Pwani na Morogoro. Mkandarasi anaingia eneo la kazi akiwa na kifusi kilicholowa, anasubiri, anaomba nyongeza ya muda, kisha masika inamkuta. Miezi mikavu ya Juni hadi Septemba, ambayo ndiyo ya kazi, inapita tukiwa kwenye makaratasi. Mikataba ya miaka miwili au mitatu kwa kipande kilekile cha barabara ingeondoa sehemu kubwa ya adha hii, kwa kuwa mkandarasi angekuwa tayari yuko kazini mvua inapokatika.

Mambo mazuri pia yapo, tuyaseme. Madaraja ya mawe yaliyojengwa Kigoma, na baadaye mikoa mingine, yamethibitisha kuwa mawe ya eneo husika, saruji kidogo na mafundi wa kijijini vinaweza kutoa daraja la tao lenye kudumu kwa gharama ndogo sana kuliko la zege lenye nondo. Kwenye njia za kwenda stesheni, ambako mara nyingi kinachokosekana ni kivuko kidogo cha maji, teknolojia hiyo inafaa kabisa.

#3 Mchangiaji

Mimi nimezaliwa kambini, baba alikuwa mtu wa gengi. Wasiojua wanaweza kudhani gengi ni kundi la wahuni. Kwenye reli ni kikosi cha wafanyakazi waliopewa kipande chao cha njia, wenye nyumba pembeni ya reli, na kazi yao ilikuwa kukitembea kipande hicho, kukaza boliti, kubadili mataruma, kusawazisha kokoto na kusafisha mitaro. Mnyapara wa gengi alijua kila kalavati na aliijua mvua ya kipande chake. Maji yakianza kula tuta, habari ilifika kwa stesheni masta kabla treni haijafika.

Utaratibu huo ulidhoofika polepole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tulibaki na reli iliyohitaji fedha nyingi na serikali isiyokuwa nazo. Baadaye ukaja ubia na kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, ambao haukudumu miaka mingi. Humo katikati njia za Tanga, Moshi na Arusha zilikaa miaka mingi bila treni ya abiria. Ya Moshi ilirudi Desemba 2019 na ya Arusha Oktoba 2020. Fikirieni stesheni inayokaa miaka zaidi ya ishirini bila abiria. Paa linaondoka, milango inaondoka, halafu ile barabara iliyokuwa ikielekea hapo inakosa sababu ya kuwamo kwenye orodha yoyote. Treni inaporudi, stesheni inapakwa rangi kwa ajili ya sherehe, lakini barabara haikumbukwi, kwa kuwa aliyepewa kazi ya kufufua reli hakupewa kazi ya kufufua barabara.

Kuhusu maji ya kijiji kumwagika kwenye tuta la reli, mleta mada amegusa jambo zito. Watu wa Kilosa, Kidete na Gulwe wanalijua. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata reli ya kati eneo hilo na kuifunga kwa miezi. Mto Mkondoa ndio unaolaumiwa, na ni kweli una nguvu, lakini maji hayatoki mtoni peke yake. Yanatoka kwenye vilima vilivyolimwa, kwenye njia za mifugo, na kwenye mitaro ya barabara iliyoelekezwa upande wa reli kwa sababu ndiko kulikokuwa na mteremko. Mradi wa ukarabati wa Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, uliopata mkopo wa dola milioni 300 kutoka Benki ya Dunia, ulitengeneza njia na madaraja. Mtaro wa barabara ya kijiji iliyo juu ya mlima haukuwa wa mradi huo.

#4 Mchangiaji

Naomba kuuliza jambo moja kwa heshima. Shilingi 100 iliongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya TARURA. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa kila lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Dereva wa bajaji analipa zote, na mkulima anazilipa ndani ya nauli na bei ya mbolea. Kwa nini mwananchi hawezi kwenda ofisi ya kata akakuta bango linaloonesha barabara zipi zimepewa kiasi gani mwaka huu, nani mkandarasi, na kazi ni ipi? Mabango ya miradi ninayoyaona yanawekwa kwenye kazi za mkopo wa nje, kama DMDP, mradi wa kuendeleza miundombinu ya jiji la Dar es Salaam. Barabara ya kawaida inayotengenezwa kwa tozo zetu mara nyingi haina hata kibao. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu tunaisoma kila mwaka inapowasilishwa bungeni, lakini inakuja baada ya fedha kutumika.

#5 Mchangiaji (Kenya)

Jirani zangu, niruhusuni niongeze uzoefu wa huku, kwa sababu tozo ya mafuta tunayo na vurugu tunazo.

Kenya tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti barabara za kaunti, lakini fedha za tozo ziliendelea kupita kwenye taasisi za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KeRRA kwa za vijijini na KURA kwa za mijini. Magavana wakadai sehemu yao, shilingi bilioni 10.5, wabunge wakakataa, na suala likafika mahakamani. Wakati wakubwa wanagombana, barabara inayounganisha soko na stesheni ya treni ya abiria haijui imlilie nani. Kisha serikali ikaamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya zile 25 ili kupata fedha za kuwalipa wakandarasi madeni ya zamani. Kuwalipa wakandarasi ni haki, wengine walikuwa wamefilisika. Lakini maana yake ni kwamba mafuta tunayonunua leo yanalipia lami ya juzi, na mashimo ya leo yatasubiri. Msije mkadhani tozo maalumu ni kinga ya kudumu. Ikishakuwa na mkondo wa uhakika wa fedha, kila mtu huitazama kama dhamana ya mkopo.

Ila kuna jambo moja la zamani ambalo tuliliweza. Kuanzia mwaka 1974 tulikuwa na mpango wa barabara za vijijini zilizojengwa kwa mikono ya wenyeji, na baada ya ujenzi mkazi wa karibu alipewa mkataba wa kutunza kipande chake: kufyeka nyasi, kuzibua kalavati, kujaza mashimo kabla hayajawa makubwa. Linafanana sana na gengi analolieleza mchangiaji wa hapo juu. Tulipohamia kwenye kandarasi kubwa na mitambo, yule mtu wa kipande akatoweka.

#6 Mleta mada

Nawashukuru nyote. Mhandisi wa mchango #2, nakubali kwamba urefu si kigezo kinachotosha, na ndiyo maana sikupendekeza kupindua mgawanyo. Ninachopinga ni kutumia jimbo kama kipimo. Ukiweka idadi ya abiria, wingi wa mvua, aina ya udongo na tani za mazao kwenye fomula, njia ya kwenda stesheni itajitetea yenyewe, kwa kuwa haipo barabara ya wilaya yenye uhakika wa watumiaji kama ile ambayo ratiba ya treni inaleta watu kila siku kwa saa inayojulikana.

Kwa mwenzetu wa gengi na jirani wa Kenya, mmeniletea jibu ambalo nilikuwa nalitafuta. TARURA tayari inaruhusiwa kutoa kazi ndogo kwa vikundi vya kijamii, vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, na kazi hizo ni zilezile za kufyeka na kuzibua mitaro. Kikundi kimoja kikipewa njia ya stesheni pamoja na mtaro wake kwa mkataba wa mwaka mzima, na kikalipwa kwa hali ya barabara badala ya idadi ya siku walizojitokeza, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuleta greda kwa lori kutoka makao makuu ya wilaya. TRC nayo ina sababu ya kuchangia, kwani mtaro huo ndio unaolinda tuta lake. Hili linawezekana kabla hatujagusa sheria ya mfuko wowote.

TAZARA nimeiacha pembeni kwa makusudi. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilikabidhiwa ukarabati na uendeshaji kwa miaka 30, kwa mkataba wa dola bilioni 1.4, na ningependa wanaofahamu wanieleze kama njia za kuingilia stesheni za Ifakara, Mlimba na Makambako zina mtu wa kuzisemea humo. Kwa wakulima wa bonde la Kilombero treni imekuwa ndiyo gari la mpunga na ndizi miezi ambayo barabara haipitiki.

#7 Mchangiaji

Ni diwani katika halmashauri moja ya wilaya, na reli inapita katani kwangu. Nitajibu upande wa utaratibu tu.

Barabara ya kwenda stesheni haiingii kwenye orodha kwa malalamiko. Inaanzia mkutano wa kijiji, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, inaingia baraza la madiwani, na meneja wa TARURA wa wilaya anaipima na kuipendekeza. Kosa ambalo kata nyingi hufanya ni kuandika "barabara ya stesheni" bila kusema inaanzia wapi na inaishia wapi. Meneja anakuja, anapima hadi mpaka wa hifadhi ya reli, anaishia hapo, na yuko sahihi, maana hana mamlaka ya kuingia ndani bila ridhaa ya mwenye hifadhi. Kwa hiyo barua ya kuomba ridhaa ya TRC iandikwe mapema, iambatane na muhtasari wa kikao, na itaje urefu wa kipande kilicho ndani ya hifadhi, upana unaoombwa na mahali maji yatakapotoka. Sisi tulipofanya hivyo majadiliano yalichukua muda, lakini angalau yalikuwa juu ya mchoro badala ya lawama.

Jambo la pili ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, ambayo wabunge, wakuu wa wilaya na wenyeviti wa halmashauri huketi pamoja na mameneja wa TANROADS na TARURA. Hicho ndicho kikao pekee ninachokifahamu ambacho taasisi zote mbili za barabara hujibu maswali mbele ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kuziagiza. Sijawahi kuona njia ya stesheni ikiwa ajenda, wala mwakilishi wa reli akiombwa kufika kueleza stesheni zake. Mbunge anaweza kuomba hilo kwa barua ya ukurasa mmoja. Wakati wa kufanya hivyo ni kabla ya halmashauri kuanza vikao vya bajeti mwezi Januari. Ukifika Machi utaambiwa, na kwa haki kabisa, kwamba kasma zimeshafungwa.